Sinema ni Uongo, Lakini Miguu Inavunjika Kweli

Ukikaa na mbogi yoyote ya vijana wanaotengeneza filamu bila bajeti, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajakunja suruali akuonyeshe kovu. "Hii ni ya ile siku ya ukuta." "Hii tulikuwa tunashuti majambazi, nikaruka, kumbe ile godoro imesogea." Watu wanacheka, na mwenye kovu kubwa ndiye anapewa heshima ya mzee wa mtaa. Mimi pia hucheka, kwa sababu hizo hadithi ni tamu. Lakini mwaka huu nimekuwa nikifuatilia historia ya watu waliotutangulia kwa hii kazi, wale walioanza na marafiki, kamera moja na mfuko mtupu, na nimefika mahali naona hizi hadithi za makovu tunazisimulia vibaya.

Tunazisimulia kana kwamba tuliumia kwa sababu hatukuwa na pesa. Eti tungekuwa na bajeti ya Hollywood, hakuna mtu angeteguka. Historia haisemi hivyo.

Niseme mapema: mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna profesa aliyenifunza haya. Nimeyaokota kwenye dokumentari, mahojiano na muvi zenyewe, usiku, wakati bando ni bei nafuu. Ukinipinga, nipinge kwa hoja.

Hoja yangu ni hii. Sinema ni uongo uliopangwa vizuri. Ukichunguza ajali za wanaoanza, na hata za wakubwa, utakuta nyingi zilitokea pale mtu alipoingiza kitu cha kweli katikati ya uongo: moto wa kweli, bomu la kweli, plasta ya kweli ya mjengo, damu ya kweli, risasi ya kweli. Na zile shoti zilizowapa watu hao jina, nyingi zilikuwa ujanja mtupu.

SHINGO YA KWANZA KUKATWA

Turudi 1895. Huo ndio mwaka ambao ndugu wawili wa Ufaransa, Lumière, walionyesha filamu zao Paris kwa watu waliolipa kiingilio. Sinema ilikuwa bado inanyonya. Mwaka huohuo, huko Marekani, kampuni ya Thomas Edison ilitoa kafilamu kafupi, hakafiki hata nusu dakika, kuhusu kunyongwa kwa Mary Stuart, malkia wa Scotland. Aliyekasimamia alikuwa Alfred Clark. Mwigizaji anapiga magoti, anaweka kichwa kwenye gogo, mnyongaji anainua shoka, linashuka, kichwa kinaanguka.

Walifanyaje? Shoka lilipokuwa juu, walisimamisha kamera. Kila mtu akaganda alipokuwa. Mwigizaji akatoka, mwanasesere akawekwa mahali pake, kamera ikaendelea. Basi.

Fikiria hilo kidogo. Watu hawakuwa na shule ya filamu, hawakuwa na kitabu cha mwongozo, hata neno "mwelekezi" lilikuwa halijapata maana tunayoijua leo. Lakini swali la kwanza walilojiuliza lilikuwa: mtu huyu tutamtoa vipi hapo kabla shoka halijashuka? Ujanja huo unaweza kuufanya leo na simu yako, bila programu yoyote ya kulipia. Ukweka tu simu mahali isitikisike, bonyeza kusimamisha, toa mtu, weka mto uliovalishwa jaketi yake, bonyeza kuendelea. Gharama yake ni subira.

BOMU LA HAROLD LLOYD

Sasa ruka hadi Agosti 1919, Los Angeles. Harold Lloyd ni mchekeshaji kijana anayepanda chati. Anapigwa picha za kujitangaza, na wazo ni awashe sigara kwa utambi wa bomu la mviringo, lile la katuni. Mabomu ya bandia ya kutoa moshi yalikuwepo. Lile aliloshika halikuwa la bandia. Likalipuka mkononi. Akapoteza kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kwa muda ilidhaniwa huenda asione tena.

Angalia vizuri: haikuwa stanti. Hakuna aliyeruka wala kuanguka. Ni mtu amesimama anapigwa picha. Kilichomuumiza ni kwamba cha kweli na cha bandia vilikaa karibu karibu, na hakuna aliyekagua.

Sehemu ninayoipenda ni inayofuata. Lloyd hakuacha kazi. Alitengenezewa glavu maalumu iliyoficha vidole vilivyokosekana, na mwaka 1923 akatoa Safety Last!, ile filamu ambayo hata kama hujaiona umewahi kuona picha yake: mwanamume mwenye miwani ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa, juu kabisa ya jengo, magari yakipita chini kama sisimizi. Alivyofanya ni hivi. Walijenga kipande cha ukuta na saa juu ya paa la jengo refu, wakaweka kamera kwa pembe ambayo paa halionekani lakini barabara ya chini inaonekana. Chini ya miguu yake, nje ya picha, kulikuwa na mahali pa kuangukia. Na zile shoti za mbali za mtu akiparamia jengo lenyewe, alipanda mtaalamu wa kazi hiyo.

Bado ilikuwa hatari, sikatai. Lakini mtu aliyekwisha kulipukiwa na bomu la kweli ndiye aliyetuachia mojawapo ya uongo mzuri zaidi kuhusu urefu. Pembe ya kamera ilifanya kazi ambayo wengi wetu tungemwambia rafiki aifanye kwa magoti yake.

WATOTO WA MISSISSIPPI NA MOTO WA CHINI YA NYUMBA

Kama kuna mbogi moja ya kuwakilisha sisi wote katika historia, ni hii. Mwaka 1982, mji mdogo unaitwa Ocean Springs, jimbo la Mississippi. Chris Strompolos ana miaka 11. Ameona Raiders of the Lost Ark ya Steven Spielberg na akili yake haijarudi. Anamwambia Eric Zala: tuitengeneze tena, shoti kwa shoti. Mwenzao Jayson Lamb anachukua kamera na mambo ya madoido. Walidhani ni kazi ya likizo moja. Ikawachukua miaka saba.

Makosa ya wanaoanza? Yote yamo. Jiwe kubwa linalomkimbiza shujaa, walilitengeneza ndani ya chumba cha kulala, likawa kubwa kuliko mlango. Tumbili hawakupata, wakatumia mbwa. Na kwa kuwa walirekodi vipande bila mpangilio huku wakibalehe, Indiana Jones anaingia mlango mmoja na sauti ya mtoto na kutokea mwingine na sauti ya mwanamume. Haya ni makosa matamu. Hakuna aliyeumizwa na mbwa kuigiza tumbili.

Halafu kuna makosa ya aina ya pili.

Walihitaji umbo la kichwa cha Eric kwa ile shoti ya mwisho ambapo kichwa cha adui kinaharibika. Kuna vifaa vya kazi hiyo, vile madaktari wa meno hutumia kuchukua umbo la kinywa. Wao walitumia plasta ya ujenzi. Yeyote aliyewahi kusaidia fundi anajua plasta ya jasi inapokauka inapata joto, tena joto la maana, na ikishakuwa ngumu haina mjadala. Ilikuwa imefunika uso mzima wa Eric. Haikutoka. Hakuweza kusema, kwa hivyo aliomba hospitali kwa kuandika. Alitoka huko akiwa hana kope na sehemu ya nyusi imeenda.

Na moto. Ile shoti ya baa inayoungua waliifanya kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mama yake Eric. Walimwaga spiriti kwenye kuta, wakawasha. Eric mwenyewe alikuwa kwenye shoti, na moto ukashika mgongo wake, marafiki wakahangaika kuuzima. Mama alipojua, alisimamisha kila kitu. Waliruhusiwa kurudi baadaye kwa sharti kwamba mtu mzima awepo.

Watu wakisimulia hadithi hii huwa wanaishia kwenye sehemu ya kufurahisha: filamu ikaonyeshwa 1989, ikasahaulika, mkanda ukapita mikono, 2003 ikaonyeshwa Austin, Texas, ukumbi ukasimama, Spielberg mwenyewe akawaandikia barua. Yote kweli. Lakini jiulize ni shoti gani iliyofanya watu wasimame. Ni mfululizo mzima: watoto kukaa miaka saba kwenye kitu kimoja. Plasta ingekuwa ile sahihi, filamu isingepungua hata kidogo. Moto ungewashwa nje, mbele ya kitambaa kilichopakwa rangi ya ukuta, wewe mtazamaji usingejua. Hatari waliyoingia haikununua chochote kwenye skrini. Hilo ndilo linaloniuma nikiitazama.

OVENI YA MAMA NA BUNDUKI ZA MABOMBA

Linganisha na Peter Jackson. Kabla ya The Lord of the Rings, kabla ya Oscar 11 za usiku mmoja mwaka 2004, alikuwa kijana wa Pukerua Bay, Nyuzilandi, aliyeajiriwa kwenye idara ya picha ya gazeti. Hakwenda chuo. Kila wikendi, kwa takriban miaka minne, yeye na marafiki walishuti Bad Taste, filamu ya wageni kutoka sayari nyingine wanaokula watu. Ilitoka 1987.

Barakoa za hao wageni aliziokea kwenye oveni ya mamake. Bunduki alizitengeneza kwa mabomba ya alumini na mbao, na waigizaji wakazitikisa kwa mikono ili zionekane zinapiga. Kuna pigano ukingoni mwa jabali juu ya bahari kati ya watu wawili, mmoja ana ndevu na mwingine hana. Wote wawili ni Jackson. Alicheza upande mmoja, baadaye akanyoa, akacheza wa pili, kisha uhariri ukawagonganisha. Hao watu wawili wanaotaka kuuana hawakuwahi kuwa mahali pamoja, kwa sababu ni mtu mmoja.

Mwingine ni Robert Rodriguez. El Mariachi, 1992, dola 7,000 hivi, wiki mbili za kurekodi huko Ciudad Acuña, Meksiko, na rafiki yake Carlos Gallardo akiwa mwigizaji mkuu. Sehemu ya pesa aliipata kwa kujitolea kwenye majaribio ya dawa kituoni, akakaa humo ndani akiandika hadithi. Alikodisha mwili wake, ndiyo, lakini chini ya madaktari, na si kwa ajili ya shoti.

Bunduki nyingine zilikuwa za maji, nyingine za kweli alizoazimwa na polisi wa pale, zikiwekwa risasi za kutoa mlio tu, zisizo na kichwa. Tatizo: na risasi hizo, bunduki ilipiga mara moja ikakwama. Mtu mwingine angesema basi, tutafute risasi kamili. Rodriguez alirekodi mlio mmoja kutoka pembe hii, mwingine kutoka pembe ile, kisha akaviunganisha na kuweka sauti ya mfululizo juu yake. Ukitazama unaona vita. Damu ilikuwa kondomu zilizojazwa rangi na kufungwa juu ya mikanda ya wanyanyua vyuma.

Ona tofauti. Kifaa kilipokataa kufanya kazi ya kweli, yeye alifurahi, kwa sababu uongo ulikuwa wa bei nafuu zaidi.

JIRANI ZETU WA WAKALIGA

Sasa tuje karibu na nyumbani. Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, aliamua kutengeneza filamu za mapigano kwenye ua wake. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe. Silaha alitengeneza Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Waigizaji ni majirani, na muvi ikiisha ndio hao hao wanaouza DVD mlango kwa mlango. Januari 2010 aliweka mtandaoni kionjo cha Who Killed Captain Alex?, dunia ikapagawa. Juu yake kuna sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania, kazi ambayo sisi Wakenya tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua kupitia DJ Afro.

Watu wengi huitazama Wakaliwood kama kichekesho. Itazame kama fundi. Helikopta inayoshambulia mji ni ya kompyuta. Milipuko ni ya kompyuta. Nyuma ya waigizaji ni kitambaa cha kijani. Nabwana alielewa kitu ambacho watu wenye mamilioni husahau: mtazamaji akishakubali kucheza nawe, hahitaji helikopta ya kweli.

Na bado kuna somo waliolilipia. Mwanzoni walitumia damu ya kweli ya mnyama kutoka kwa wachinjaji. Iko bure, ina rangi sahihi, nani angekataa? Mwigizaji mmoja akaugua. Sisi watoto wa wafugaji tunajua damu na maziwa mabichi hubeba magonjwa kama brusela, ambayo hukukalisha kitandani wiki kadhaa. Wakaacha, wakahamia kwenye rangi ya chakula ndani ya kondomu, njia ile ile ya Rodriguez. Kitu kimoja cha kweli ndani ya uongo mzima, na hicho hicho ndicho kilichoumiza mtu.

Kosa lingine la Captain Alex halikumwaga damu, lakini kila mwenye simu ya GB 32 litamgusa. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo, kwa hivyo Nabwana alifuta faili asili ili apate pa kuwekea muvi inayofuata. Kilichobaki ni ile nakala iliyobanwa ya DVD. Filamu maarufu kuliko zote za Uganda haipo katika ubora iliorekodiwa. Hifadhi nakala mbili, wasee. Hata kwa simu ya dadako.

"LAKINI JACKIE CHAN..."

Najua. Kila nikiongea haya kuna mtu ananiletea Jackie Chan. Tumekua tukitazama zile klipu za mwisho wa muvi, majina yakipanda, yeye akianguka, akigonga, akibebwa. Tulijifunza kwamba stanti halisi ni hiyo.

Basi tuongee. Jackie Chan alipelekwa shule ya opera ya Kichina ya Hong Kong akiwa mtoto, akafunzwa sarakasi na mapigano kwa takriban miaka kumi, siku nzima, na viboko juu. Na bado, 1986, huko Yugoslavia akirekodi Armour of God, aliruka kwenye mti. Mara ya kwanza ilikubali. Hakuridhika, akarudia. Tawi likavunjika, akaangukia mawe, fuvu likapasuka. Usikivu wa sikio la kulia haukurudi kama zamani. Hiyo haikuwa hata stanti kubwa kwake. Ilikuwa kuruka mti.

Buster Keaton pia. Mnajua ile shoti ya 1928, Steamboat Bill, Jr., ukuta wa nyumba unamwangukia na yeye anapita kwenye dirisha. Ule ukuta ulikuwa wa kweli, mzito wa kuua. Lakini alikuwa jukwaani na wazazi wake tangu utotoni, na mahali pa kusimama palipimwa kwa inchi. Huyo huyo, miaka minne kabla, akirekodi Sherlock Jr., maji ya tangi la reli yalimwangusha shingo ikagonga reli. Akaendelea na kazi. Ni miaka baadaye ndipo eksirei ilipoonyesha kwamba shingo iliwahi kuvunjika.

Hawa ni watu waliofunzwa tangu utoto, na walitoka hai kwa inchi. Wewe na mimi tumefunzwa na klipu za sekunde thelathini. Tena tunaona tu wale waliosimama tena. Aliyebaki chini hana klipu ya mwisho wa muvi.

PESA HAIZUII RISASI

Kwa wanaosema tatizo ni bajeti, kumbukeni Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee. Machi 1993, North Carolina, wakirekodi The Crow. Studio kubwa, wataalamu, pesa. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu bila mtu kukagua, halafu ikawekwa risasi ya kutoa mlio tu, ikakisukuma nje. Alikufa akiwa na miaka 28. Miaka 28 baadaye, Oktoba 2021, New Mexico, kwenye filamu ya Rust, risasi halisi ilikuwa ndani ya bunduki ya kuigizia. Mpigapicha Halyna Hutchins akafa.

Na kwa upande wetu, upande wa kontenti, kuna ile ya Minnesota, Juni 2017. Kijana wa miaka 22 alitaka chaneli yake ipande. Akashika kitabu kinene cha ensaiklopidia kifuani, akamwomba mpenzi wake mjamzito ampige risasi, eti kitabu kitaizuia. Kamera zilikuwa zinarekodi. Kitabu hakikuizuia.

Nikifikiria hiyo nyumba huwa nakwama sehemu moja. Wazo lilikuwa kwamba risasi lazima iwe ya kweli, la sivyo watazamaji watasema ni feki. Hilo neno "feki" limetuharibu. Mwaka 1895 watu walitengeneza feki na dunia ikashangaa. Leo kijana anakufa akikwepa kuitwa feki.

NANI ANARUKA?

Sasa kwetu. Mwezi uliopita mbogi yetu ilihitaji shoti ya mtu anaruka kutoka ghorofa ya kwanza ya mjengo ambao haujaisha. Kuna rafiki yetu mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye hujitolea kabla hata hujamaliza sentensi. Akavua jaketi. Mmoja akasema mchanga pale chini ni laini. Mwingine akaanza kuweka simu tayari.

Nilichoona pale ni kwamba anayeruka huwa ni mtu wa aina moja. Ni yule mgeni kwenye kikundi, au mdogo, au yule ambaye hana kamera wala script wala laptopu, na mwili wake ndio mchango pekee anaoweza kuleta mezani. Anajitolea kwa sababu anataka nafasi. Sisi wengine tunaita hiyo roho safi. Na akivunjika, hakuna bima. Kutakuwa na kikundi cha WhatsApp cha mchango, mama yake akihesabu mia mbili mia mbili, na sisi tukiposti picha yake na maneno ya kumtakia afueni.

Tulikataa. Tukaigawa shoti mara tatu. Ya kwanza anapanda dirishani na kuinama kuruka, kamera ikiwa ndani. Ya pili, kutoka chini, suruali na jaketi lake vilivyojazwa nguo kuukuu vinashuka. Ya tatu anaangukia mchanga kutoka kwenye ngoma ya maji, urefu wa kiuno, anabingirika, anakimbia. Ilituchukua mchana wote badala ya dakika tano. Nimeitazama mara kadhaa na ukiijua unaona mkono wa ile nguo ukipinda vibaya. Ni sawa. Yule dogo alikuja kushuti tena wiki iliyofuata, na ndiye aliyeshika kamera.

Kuna moja zaidi ambayo ni ya hapa kwetu kabisa: bunduki ya bandia barabarani. Pukerua Bay unaweza kukimbia na bomba la alumini. Jaribu hiyo Nairobi. Polisi anayepita hana muda wa kuuliza kama ni script, na raia wakisikia mtu anapiga kelele "mwizi", mawe hayasubiri mwelekezi aseme imetosha. Hapo uongo wako umegeuka kweli machoni mwa watu ambao hukuwaomba waigize. Shuti ndani ya ua, arifu majirani, mjulishe chifu, na bunduki iwe na rangi ambayo hata kipofu angejua ni mbao. Angalia wale watoto wa Lagos, Ikorodu Bois, wanaorudia vionjo vya filamu kubwa kwa vitu vya nyumbani, toroli ikiwa gari. Netflix iliwatambua kwa hiyo hiyo toroli. Hakuna aliyewaambia ni feki.

Sijaandika haya ili watu waache kucheza. Filamu ya mapigano bila mtu kuanguka ni mkutano wa chama. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kila shoti, mtu mmoja asiyeshika kamera na asiyeigiza aulize kwa sauti: kitu gani hapa ni cha kweli? Urefu? Moto? Kisu? Gari linalopita? Kikitajwa, kitolewe au kifanyiwe ujanja. Kama hakuna ujanja uliopatikana, shoti hiyo bado haijaandikwa vizuri. Rudi kwenye karatasi.

Na mtu huyo apewe nguvu ya kusema hapana bila kuitwa mwoga. Kule Ocean Springs ilibidi mama mwenye nyumba ndiye awe huyo mtu, tena baada ya mgongo wa mwanawe kushika moto. Sisi tunaweza kumchagua mapema.